Bunduki Kumi na Moja za Merle Kunkel

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa kulungu, saa tatu asubuhi, Twila aliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake akiwa na kitambaa begani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka tisa kazi hiyo ilikuwa yake. Tangu mikono ya baba yake ilipoanza kutetemeka, ni yeye aliyezisafisha bunduki za mzee mara mbili kwa mwaka, moja baada ya nyingine, ndani ya mtutu na nje, mpaka nywele zake zikanuka mafuta. Kaka zake wawili waliishi karibu na wazazi kuliko yeye. Lakini Lamar alikuwa na mgongo na Denton alikuwa na shughuli, na hayo ni maradhi mawili ambayo hayajapata dawa.

Siku hiyo haikuwa ya usafi wa kawaida. Merle Kunkel, mzee wa miaka themanini na tatu, alikuwa ametangaza kwamba baada ya chakula cha mchana atazigawa zote kumi na moja. Miaka hamsini alikuwa akizikusanya, kwa mshahara wa kiwanda cha vioo. Hakunywa, hakucheza karata, na gari alilibadilisha pale tu sakafu ilipotoboka akawa anaiona barabara katikati ya miguu yake. Akipata kibarua cha Jumapili, fedha ile ilikaa kwenye kopo la kahawa mpaka itoshe, kisha mzee angepotea asubuhi moja na kurudi jioni na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi. Mkewe Arlene aliwahi kungoja mashine ya kufulia miaka sita kwa ajili ya kitu kirefu cha namna hiyo.

Sababu yake bonde zima liliijua. Merle alipokuwa na miaka kumi na mmoja, bunduki ya babu yake ilirithiwa na shangazi yake Verna. Kutoka kwa Verna ikaenda kwa mume wa Verna, na mume wa Verna akaibadilisha kwa injini ya boti. Boti yenyewe ilizama kabla ya mwaka kwisha. Hadithi hiyo Merle aliisimulia kila sikukuu ya shukrani, nyama ya bata mzinga ikiwa bado moto, na kila mara aliimalizia kwa kiapo kilekile: bunduki za Kunkel zitabaki kwa watoto wa Kunkel.

Twila alikuwa mtoto wa Kunkel, na alitaka moja tu, ile ya zamani kuliko zote, yenye mkono wa chuma chini unaoushusha na kuupandisha kuingiza risasi. Baba yake aliinunua kwa mjane mmoja mwaka uliofuata vita, ikawa ya kwanza kabatini. Twila alipotimiza miaka kumi na miwili, umri wa kupata kibali cha kuwinda, Lamar aligoma kutoka kitandani kwa sababu ya baridi, na Denton alikuwa bado mdogo. Basi mzee akamchukua yeye. Kwenye majabali ya juu ya kijito aliteleza, akaanguka na bunduki, na kitako cha bunduki kikagonga ncha ya jiwe. Alilia, si kwa goti lake lililochanika, bali kwa kile kitako. Merle alipitisha dole gumba kwenye lile kovu, upande wa kushoto, limepinda kama kimundu, akasema, "Liache lilivyo. Sasa ina alama yako." Saa nne asubuhi hiyohiyo Twila aliangusha dume la kulungu lenye pembe za matawi sita. Tangu hapo, miaka thelathini na tisa, kila Jumatatu ya kufungua msimu alipanda mlima na baba yake na bunduki ile. Alipanda hata akiwa na mimba ya miezi saba, na Roy, mumewe, akibaki chini kwenye gari akiomba Mungu.

Alifungua kabati la chuma. Kila bunduki ilikuwa imefungwa kikaratasi kwa uzi, na mwandiko ulikuwa wa mama yake, ule mzuri wa ualimu, kwa kuwa macho ya Merle yalikuwa yamebakiwa na nuru ya kutambua mtu tu, herufi hazioni. Twila alisoma kutoka kushoto. Denton. Denton tena. Wana wa Lamar, wawili, kila mmoja na zake mbili. Brett, mwana wa Denton, zake mbili. Lamar. Ya kumi na moja haikuwepo, nafasi yake ilikuwa tupu, na kikaratasi kilining'inia peke yake kwenye msumari: Lamar. Nafasi ile ilikuwa ya bunduki ya kovu.

Kwenye bunduki ndogo ya kujifunzia watoto, kikaratasi kilisema: "Mtoto wa Brett, akiwa mwanamume." Kayla, mke wa Brett, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto hajaota hata kucha, hajulikani ni wa kike ama wa kiume, naye ameshatajwa kabatini. Twila alirudia kuhesabu, labda macho yamemdanganya. Yalikuwa hayajamdanganya.

Kisha akaona jina lake. Lilikuwa juu ya rafu, limefungwa kwenye sanduku zuri la mbao ya mjozi. Alilifunua, ingawa hakukuwa na haja, maana vilivyomo alivijua kama vidole vyake. Zilikuwa fito za kusafishia mtutu, brashi, chupa ya mafuta na vitambaa. Vile vitambaa alikuwa amevikata yeye mwenyewe kutoka kwenye shuka lake la zamani.

Damu ilimpanda kichwani. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapewi tandiko lake mwenyewe likiwa limefungwa utepe kama zawadi.

Alipanda ngazi mbilimbili. Jikoni baba yake alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, mama yake anamenya mayai ya kuloweka kwenye siki ya bitiruti.

"Baba, mimi ni nani humu ndani?"

"Usinianze asubuhi, Twila."

"Sikuanzi, nakuuliza. Mtoto aliye tumboni kapata bunduki, mimi nimepata matambara!"

"Lile sanduku ni la baba yangu," Merle alisema, akaonekana ameumia kweli. "Mbao ile hutaipata leo popote. Nilifikiri utafurahi. Nani anazitunza kuliko wewe?"

"Ndiyo hiyo! Nazitunza mimi, wazirithi wao?"

"Wewe ni Haney sasa. Leo nikikupa wewe, kesho iko kwa wanao, na wanao ni akina Haney. Kesho kutwa iko kwenye soko la vitu kuukuu. Yaliyotokea kwa Verna..."

"Roy hata kisu cha siagi anakiogopa! Atabadilisha bunduki kwa injini ya boti, Roy?"

Roy alikuwa kwenye sinki, anaosha sufuria. Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu wa watu, na kitu cha kwanza alichofanya alipoiona damu ya kulungu siku za uchumba wao ilikuwa kuzimia. "Kweli, Baba," alisema bila kugeuka. "Mimi sizitaki kabisa."

"Sijasema wewe, Roy. Nasema jina."

"Na wewe, Mama," Twila alisema. "Uliandika kwa mkono wako. 'Akiwa mwanamume.' Kalamu haikukuchoma?"

Arlene aliendelea kumenya yai. "Niliandika nilichoambiwa. Tulia, watoto wanakuja."

"Na ile ya kovu iko wapi? Nafasi iko tupu."

"Lamar kaichukua tangu Oktoba," Merle alisema. "Anasema ana jambo la kunishangaza. Mwanangu yule anajua kupenda vitu."

Roy alikausha mikono akamsogelea mkewe. "Twende nyumbani?" alinong'ona.

"Siendi. Nataka wanipe lile sanduku mbele ya watu, nione kama wana uso."

Saa saba nyumba ilijaa. Walikula kiporo cha bata mzinga, soseji za kulungu wa mwaka jana, mayai mekundu na pai ya malenge, na wanaume walizungumza juu ya Jumatatu kana kwamba ni Krismasi: theluji itaanguka ama haitaanguka, nyayo zimeonekana wapi, nani mwaka jana alikosa dume hatua thelathini tu. Aliyekosa alikuwa Lamar. Denton alimtania mpaka masikio yakamwiva. Twila alikata soseji yake vipande vidogo vidogo. Kila alipomtazama Kayla, aliona kile kikaratasi.

Baada ya kahawa Merle alikaa kwenye kiti chake sebuleni, na wajukuu wakapandisha bunduki moja moja. Hapo mzee alikuwa mfalme. Hakuhitaji macho. Alipakatishwa bunduki, akapitisha vidole kutoka mdomo wa mtutu hadi kitako, akataja ni ipi, aliinunua mwaka gani na kwa nani. Hii aliikuta kwa mchungaji mlevi. Hii ilikuwa na kutu mpaka paka wa nyumbani aliikimbia. Kisha Arlene akasoma jina kwenye kikaratasi, mwenye jina akaja, akapeana mkono na mzee. Ilikuwa nzuri, na ndiyo sababu Twila alizidi kuchemka. Kitu kikiwa kibaya unakipa kisogo ukaenda zako. Hiki alikipenda, nacho kilikuwa kimemsahau.

"Twila," Arlene alisoma ilipofika zamu yake, kwa sauti ndogo. Brett alimletea sanduku. Mtu mmoja akapiga makofi, akaona anapiga peke yake, akaacha. Twila aliliweka sakafuni kati ya viatu vyake.

"Sasa!" Lamar alisimama. Alikuwa mkubwa wao, mtu mpana wa miaka hamsini na saba, na siku hiyo alikuwa amechana nywele kwa maji. Alitoka hadi kwenye gari lake akarudi na kitu kimefungwa kwenye blanketi jipya. "Baba, usiseme neno kwanza. Wiki sita nimeshinda na hii gerejini. Mnaona? Mnaona?"

Blanketi lilianguka. Bunduki iling'aa kama meza ya hoteli. Mbao zake zilikuwa na rangi ya asali, zimepakwa vanishi mara tatu. Chuma, kilichokuwa na kijivu cha mikono ya watu waliokwisha kufa, kilikuwa cheusi tii, na mgongoni ilikuwa imekazwa darubini ndefu mpya. Wajukuu waliguna kwa kustaajabu. Hata mtoto wa bonde lile anajua kwamba bunduki kuukuu haipigwi msasa. Inafutwa, inatiwa mafuta, inaachwa na uzee wake, maana uzee ndio wenyewe. Lakini Lamar hakuwahi kushika hata brashi moja ya sanduku lile, basi angejulia wapi?

Arlene akaifunga kile kikaratasi cha msumarini, na Lamar akamwekea mzee bunduki mapajani. "Kama imetoka dukani leo, Baba!"

Vidole vya Merle vilianza safari yao. Vilipita mtutuni, vikagonga darubini, vikasita, vikaizunguka. Vikashuka kwenye mkono wa chuma. Vikafika kwenye kitako, upande wa kushoto, na dole gumba likaenda moja kwa moja mahali lilipozoea kwenda. Likateleza. Likarudi. Likateleza tena.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo yenyewe, Baba. Nimeifanya mpya."

"Nimekuambia siyo. Mnanichezea kwa sababu sioni? Hii ni ya dukani. Iondoe, niletee bunduki ya Twila."

Vichwa viligeukia kwa Twila. Mzee mwenyewe hakujua alichosema. Aliendelea kunyoosha mkono, anangoja apewe.

Twila alisimama. "Rudia, Baba."

"Nirudie nini?"

"Bunduki ya nani?"

Merle alirudisha mkono juu ya bunduki.

"Umeijua kwa kovu langu," Twila alisema. "Kati ya zote kumi na moja, hiyo unaijua kwa mwili wangu, kwa siku niliyoanguka. Miaka thelathini na tisa dole lako linaniita mimi, halafu kikaratasi kinamwita Lamar! Na sasa kovu halipo, humjui tena ni nani uliyempakata."

"Twila, acha hizo," Lamar alisema. "Mbele ya watoto..."

"Nyamaza wewe! Umeikwangua. Ungeniuliza, ningekuambia. Mama angekuambia. Hata huyu wa tumboni angekuambia!" Akamgeukia tena mzee. "Maisha yako yote umemlaani mume wa shangazi Verna. Mwizi, sawa. Lakini ile aliyouza, Baba, bado iko mahali fulani. Kuna mtu anawinda nayo, na babu angefufuka akaishika angeijua. Hii utaitafuta wapi? Kwa nani utaikomboa? Umelinda mlango mkwe asiingie, na msasa umetoka kwa Kunkel mwenyewe, mwenye jina!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Merle hakulisema, lakini lilikuwa limeandikwa usoni pake. Dole gumba lilikuwa bado linatafuta, linazunguka palepale, taratibu.

"Msasa?" aliuliza.

"Ule laini, Baba," Lamar alisema.

"Na hii darubini. Imekaa juu ya nini?"

"Nimetoboa matundu. Manne tu." Sauti ya Lamar ilikuwa imeanza kupungua. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomzidishia Twila hasira, kwa sababu mtu mbaya ungempiga ukamaliza. "Nilitaka uone inavyong'aa. Nilifikiri king'aacho utakiona."

Merle aliondoa dole gumba kwenye kitako. Halafu akasema, "Twila. Kile kikaratasi cha sandukuni. Kilete."

Alikifungua, akampa. Mzee alikishika mdomoni kwa meno ili asikipoteze, akaanza kufungua uzi wa kikaratasi cha Lamar kwenye bunduki. Uzi ulimponyoka mara tatu. Denton aliinuka amsaidie.

"Kaa," Merle alisema kwa meno yaliyobana.

Akafunga jina la Twila mahali pake. Fundo lilimchukua karibu dakika tano, na watu ishirini walisimama wanalitazama fundo lile. Kisha akakipapasa kikaratasi cha Lamar, akampa Twila. "Kifunge kwenye sanduku." Na kwa mwanawe akasema, "Mafuta yako hayo. Mara mbili kwa mwaka, bunduki zote, za kwako na za wenzako. Dada yako atakufundisha."

"Sitaki," Twila alisema.

"Basi jifunze mwenyewe, Lamar. Msasa ulijifunza mwenyewe."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Twila aliipokea bunduki. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka, au mikono yake ndiyo iliyokuwa na nguvu za hasira. Alipitisha dole gumba upande wa kushoto. Hapakuwa na kitu, laini tupu, na machozi yakamjia, na akayachukia machozi hayo kwa kuchagua saa mbaya.

"Mshukuru baba yako," Arlene alisema.

"Anayeshukuru ni aliyepewa, Mama. Mimi nimerudishiwa changu, tena kimeharibiwa."

Merle aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesomewa hesabu akaona ni sahihi. Roy alikuja kusimama karibu na mkewe, mbali kiasi na mtutu.

Hapo ndipo Kayla alipojitokeza kutoka kwenye kochi, amebeba ile bunduki ndogo ya kujifunzia kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Alikuwa msichana wa mjini, hajazoea nyumba ile, na mashavu yamemwiva. "Samahanini," alisema. "Nataka kuuliza tu. Akiwa wa kike, je? Nairudisha?"

Wanaume walitazama viatu. Brett akasema, "Kayla, baadaye." Kayla akasema, "Hapana, si baadaye."

Arlene alijifuta mikono kwenye aproni. Akatoa kalamu mfukoni, ileile, akaenda mpaka alipokuwa Kayla, akakishika kikaratasi dhidi ya kiganja chake. Kalamu ilikwaruza mara moja, ikarudi, ikakwaruza tena kwa nguvu.

Masikio ya Merle yalikuwa mazima. "Nani anaandika?" aliuliza. "Arlene? Unaandika nini?"

"Siandiki, Merle," Arlene alisema. "Nafuta."

"Unafuta nini?"

"Maneno mawili."